Majibu ya Bibi Kwenye Fomu

Machi 4

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima. Bibi anakusalimu, ingawa amepungua. Gauni lake la kijani siku hizi analibana kwa pini mbili.

Jumanne nilimpeleka zahanati, ambako wazee walikuwa wanapimwa vinywa. Nesi alieleza kwamba kutafuna na kumeza kukidhoofika, mzee hula kidogo, kisha mwili wote hufuata. Kwanza kuna fomu ya maswali. Mwenye matatizo hupelekwa chumba cha pili kupimwa. Asiye nayo hurudi nyumbani.

Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, Bibi alinipa kalamu. Nilimsomea kama hupaliwa akinywa maji, akasema niandike hapana. Kama hutafuna vitu vigumu, ndiyo. Mama, nyama huificha kwenye leso akidhani sioni, na chai humpalia kila asubuhi. Niliandika alivyosema, kwa sababu aliyeulizwa ni yeye. Tukarudi nyumbani.

Sijui kama nilifanya vyema.

Binti yako

Machi 17

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha. Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, nikaisoma tena kwenye foleni ya kutoka kazini. Nikipiga simu, Bibi yako husema anakula kama mchwa. Kumbe mchwa mwenyewe hamezi.

Kumheshimu mkubwa si kumwandikia uongo. Lakini usimzunguke. Mwambie yeye kwanza, ndipo umwambie nesi. Atanuna, mwache anune, mradi aende.

Mama yako

Aprili 2

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilipomwambia, Bibi alininunia siku nne. Aliniita mpelelezi mbele ya jirani, na jirani akaniuliza nimepandishwa cheo lini.

Siku ya tano alinikuta naosha vyombo, akasema taratibu, "Wakiniona mgonjwa, mama yako si ataacha kazi aje kuniuguza? Na shule yako je?"

Nilimjibu kwamba hayo siyajui, ila najua nguo zinampwaya. Akavaa viatu.

Kwa nesi tulirekebisha fomu, tukapelekwa chumba cha pili, chenye kiti kimoja na saa ya ukutani. Aliambiwa ameze mate kadiri awezavyo kwa nusu dakika. Walitarajia mara tatu au zaidi. Akameza mara moja. Alipotakiwa kusema pa, ta, ka harakaharaka, ulimi ulichoka, akajicheka. Nesi alisema hatujachelewa. Amepewa mazoezi ya ulimi, ushauri wa vyakula laini, na siku ya kumwona daktari wa meno. Uzito wake ni kilo arobaini na moja. Watampima tena baada ya mwezi.

Bibi anauliza likizo yako inaanza lini. Amesema kazi usiache. Omba ruhusa tu, uje.

Binti yako