Kwa Nini Nagonga Fimbo Ukiniita

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Baada ya salamu, sisi huku Changamwe tu wazima, alhamdulillahi, ila bibi yako magoti yamsumbua. Mbuzi wake amezaa mapacha. Barua hii naiandika siku ya tatu leo, maana nachoka upesi.

Umeuliza mbona ukiniita siitiki, nagonga fimbo tu. Si kiburi, mwanangu.

Miaka ya vita vile vikubwa nilikuwa askari wa zimamoto. Adhuhuri moja liliwaka ghala kule Kipevu, limejaa magunia ya kibiriti upele, ule unga wa manjano. Tuliambiwa tufunge vitambaa vya majimaji mdomoni, tusivifungue hata kidogo. Ndani, moshi ukatutenganisha. Nikamsikia mkubwa wetu, Mzee Bakari, umri wa baba yangu, akiita: "Juma! Juma we!"

Nimelelewa kwamba mtu mzima akikuita, huitiki kwa mdomo uliozibwa. Nikashusha kitambaa, nikasema, "Labeka!" Pumzi niliyovuta baada ya neno lile ndiyo iliyoniunguza kifua, hata kupaza sauti siwezi mpaka leo.

Ya hospitali sitaki kuyasimulia. Lakini Mzee Bakari alikuwa amepotea, na mimi nilikuwa karibu na mlango. Aliifuata sauti yangu, tukatoka tumeshikana mikono.

Nimechoka na kifua hiki, wallahi nimechoka. Ila labeka ile siijutii.

Ukija likizo, niite tu. Ukisikia fimbo, ujue nimeitika.

Babu yako,
Juma