Udongo wa Baba Yako Uliuuza

Mwanangu,

Salamu nakupa, maana salamu hazilimwi wala hazinunuliwi. Sisi huku tunalala na kuamka. Magoti yangu yanalia kuliko bawaba za mlango, lakini ulimi ninao, kama utakavyoona. Wewe je, mzima? Kile kikohozi chako cha utotoni kimekuacha? Ukilala penye baridi funika kifua. Mimi ni mama yako hata nikiwa na hasira.

Barua yako imefika. Shule, unajua, niliipita kwa nje, kwa hiyo aliyenisomea ni mkeo, na anayeandika haya ni yeye huyo huyo. Nimemwambia aandike nisemavyo, asitie sukari. Nilimuuliza kama ana lake la kuongeza, akasema hana.

Unasema wamekupunguza kazini. Pole. Unasema umekutana na dereva wa lori anayepita huku, akakusimulia kwamba tunakula cha kwetu mwaka mzima, dukani tunafuata chumvi na kiberiti, na nyanya zetu hazijui dawa ya dukani. Hakusema uongo. Basi umeona urudi ulisimamie shamba la baba yako. Hapo nilimwambia mkeo arudie kusoma, nikidhani masikio yangu yamefuata magoti. Ulisimamie? Maboga yanatambaa yenyewe, mwanangu, hayajawahi kuomba msimamizi.

Tena hilo la baba yako tuliweke sawa. Wiki ile ya kabla hujaondoka, mimi na mkeo tulikwenda kumtazama dada yako aliyejifungua. Tuliporudi, shamba lilikuwa limechunwa kama mbuzi. Udongo wote mweusi wa juu, ambao baba yako aliulisha samadi mpaka mgongo ukampinda, malori ya mfyatua matofali yalikuwa yameubeba. Nikakuuliza umefanya nini. Ukanijibu, tena ukicheka, kwamba hujauza shamba, umeuza udongo tu, shamba liko palepale. Ni kweli, lilikuwepo. Jekundu, gumu, linang'aa kama upara. Kesho yake ukaenda kutafuta maisha, koti lako la harusi ukaliacha msumarini, ukasema utalifuata.

Tulipanda mahindi juu ya upara ule. Yakaota kama nywele za mgonjwa. Maharage hayakujisumbua hata kuchungulia. Tukawa vibarua kwenye mashamba ya watu, tukila tulichopewa, na siku nyingine hatukupewa. Mkeo hakulia. Alichukua tenga, akaenda sokoni wakati wanafunga, akaomba maganda ya ndizi, majani ya kabichi na nyanya zilizopondeka. Wakambandika jina, Malkia wa Taka. Nami nikawa mama mkwe wa Malkia, nikabeba tenga la pili. Mwenye duka la nguo alituuliza kama nyumbani tuna nguruwe au tunakula wenyewe. Nikamwambia aje jioni aone, sahani yake ipo.

Tukapanga lundo: majani makavu, maganda, samadi tuliyookota nyuma ya ng'ombe wa watu, majivu, maji, kisha tukaanza upya juu yake. Tukafunika. Mkeo alichomeka kijiti katikati, akawa anakichomoa na kukishika kiganjani. Kikiwa cha moto anajua linaiva. Mimi niliyezaliwa shambani nilidhani udongo ni kitu cha kukuta. Kumbe unapikwa, tena polepole kuliko supu ya kwato.

Leo ungeliona. Mchicha unashindana na matembele, viazi vinapasua ardhi kwa unene. Vidukari tunawanyunyizia maji ya pilipili na kitunguu saumu. Viwavi binti yako mkubwa anawachuma kwa mkono na kuwarushia kuku, naye huwatukana mmoja mmoja. Mdomo ule ni wangu. Mbegu zinaning'inia juu ya meko zikila moshi. Hakuna kinachotupwa hapa. Mlango wa chumba chako ndio lango la mbuzi, na chumbani wanalala sungura. Koti lako la harusi tumeuvisha mti katikati ya shamba, linafukuza ndege. Halijawahi kufanya kazi hivyo lilipokuwa na wewe ndani.

Mfyatua matofali naye alirudi. Aliuona weusi wa udongo akaanza kuingiza mkono mfukoni. Mkeo akamfukuza kwa reki mpaka barabarani, naye akaacha kiatu kimoja. Tumepanda kitunguu humo.

Kwa hiyo shamba la baba yako hulikuti. Liliondoka kwa lori, sasa limo kwenye kuta za nyumba za watu. Nenda huko ukalisimamie. Hili tulilo nalo baba yako hakuliacha. Mchumia juani hulia kivulini. Wewe umeanza na kivuli, na jua sasa limekufuata.

Sasa nifike pale ulipouliza nami nikapita kama sikusikia. Umeuliza Kijino wako, yule uliyemwacha mgongoni mwa mama yake, hajambo, kama ameshaota meno yote, kama ameanza shule. Hapa mkeo ameweka kalamu chini. Nimemngoja. Ameichukua.

Jino lilikuwa moja ulipoondoka. Likaja la pili. Basi.

Mwaka ule wa upara maziwa ya mkeo yalikauka. Tulimpa mtoto uji, na uji wenyewe ulikuwa mwepesi hata unaona kitako cha kikombe. Homa ilipomjia haikukuta kitu cha kupigana nacho. Tulikutafuta kwenye simu, haikupatikana. Nikamtuma mtu kwenye anwani uliyoacha, wakamwambia hawakujui. Nawe miaka yote hiyo hukuandika hata mstari, mpaka ulipokosa kazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Utaujua leo, umechelewa tu.

Tukachimba kaburi karibu na la baba yako. Majembe yakagonga mwamba upesi, maana ulikwisha tupunguzia kina. Kilichotoka ni mawe na mabonge. Waliokuja kutusaidia wakaanza kuyarudisha, nasi tukasikia yanavyogonga. Mkeo akawaambia wasimame. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye lundo letu, lile la kwanza, ambalo lilikuwa limeiva na hatujapanda hata jani, akalifumua kwa mikono. Akajaza tenga, akabeba, akarudi, akajaza tena. Hakutaka asaidiwe. Udongo wa kwanza tuliowahi kuupika ulimfunika mwanao, mwanangu, kwa sababu ule wa babu yake ulikuwa umeuzwa. Ulikuwa bado una joto. Mkeo alisema angalau mtoto hatalala kwenye baridi.

Halafu mvua ikanyesha, na pale juu yake pakaota nyanya. Hakuna aliyezipanda. Zilitoka kwenye zile zilizopondeka za sokoni. Shamba zima jekundu, pale tu kijani. Zikazaa, zikaiva, nasi tulikuwa na njaa, na binti yako mkubwa alikuwa amebaki macho tu. Tukazila. Usinikunjie uso huko uliko. Mimi ndiye niliyechuma ya kwanza, nikampa mama yake, nikasimama mpaka akameza. Mbegu tukazikausha. Nyanya zote anazozisifu dereva wako ni wajukuu wa zile.

Sasa umejua. Kurudi sikukatazi, tumbo langu halijui kukataza. Lakini usije na neno la kusimamia. Ukija, pita shambani, pita lilipo koti lako, uje moja kwa moja kwenye nyanya zilizo karibu na baba yako. Utachuma moja, utaila mbele ya mkeo, bila chumvi. Ukiweza kuimeza, tenga la tatu lipo. Soko linafungwa jioni.

Dada yako anakusalimu. Binti yako mkubwa pia. Sura yako haikumbuki, ila koti analijua. Mkeo nimemuuliza tena, amesema bado hana la kuongeza. Funika kifua.

Kidole gumba changu hicho hapo chini. Hatukuwa na wino wa kukichovya. Huo ni udongo, na ni wetu.

Ni mimi,
Mama yako