Wamemponya Sikitu

Jumapili mchana. Upepo tangu alfajiri.

Singida ikiamua kuvuma, inavuma. Mlango wa duka nimeufungua nusu tu, na bado vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Leo hakuna wa kutoa kopi wala wa kuchapishiwa barua. Bosi yuko kanisani, nami nimejikalia kwenye kompyuta yake. Macho yananiwasha. Nikisema ni vumbi nitakuwa nadanganya.

Mnaosoma humu bloguni mnajua nilivyoisubiri filamu ya Sikitu. Niliitangaza kama mama anayemwoza binti yake wa kwanza. Kila aliyeingia dukani kutoa kopi alitoka anajua tarehe na ukumbi.

Sasa nimeiona.

Kwa asiyejua: Sikitu ni msichana wa kwenye mfululizo wa vitabu vya vijana, na mwandishi wake ni mtu wa huku huku, ingawa siku hizi anaishi Dar. Sikitu anachunga ng'ombe wa baba yake, na anachechemea. Mguu wake mmoja ulinyauka kwa ugonjwa akiwa mdogo. Kwa kuwa hawezi kukimbia, amejifunza kutazama. Anajua nyayo, anajua majani yaliyolaliwa, anajua mavi ya ng'ombe yamekauka kiasi gani. Wezi wa mifugo wakimkuta njiani wanaona kilema tu, kwa hiyo wanaendelea kupanga mambo yao mbele yake. Hivyo ndivyo anavyowakamata. Ondoa mguu ule, hakuna hadithi.

Mimi pia nachechemea. Polio, mguu wa kushoto.

Nilimpata Sikitu nikiwa darasa la sita, Ilongero. Mpaka siku hiyo, kilema pekee niliyemjua vitabuni alikuwa yule anayekaa mlangoni kuomba, ili watoto wazuri wajifunze huruma. Huyu hakuomba kitu. Alikuwa mbishi, mwenye hasira za karibu, anayependa maziwa mgando kuliko watu. Nilimaliza kitabu nikakianza tena bila kuinuka.

Nilimsomea Rehema. Rehema ndiye niliyekaa naye dawati moja tangu tunajifunza kuandika majina yetu. Tukitoka shule tulipanda kwenye yale mawe makubwa ya njiani, mimi nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza huku anatafuna mbegu za alizeti. Wezi wakikaribia alinishika mkono na kunong'ona, "Usigeuze ukurasa kwanza."

Jana alifunga meza yake ya mitumba mapema, akanichagulia gauni la kijani kutoka kwenye belo jipya. "Leo lazima upendeze," alisema. "Mwandishi mwenyewe anakuja." Kitabu changu cha kwanza, kile kisicho na jalada, nilikiweka mkobani ili anisainie.

Filamu ikaanza. Mawe, ng'ombe, shamba la alizeti. Nikamshika Rehema mkono. Kisha Sikitu akatokea kwenye skrini, nywele ndefu za kubandika, na alikuwa anakimbia.

Nilidhani ni ndoto. Filamu nyingi huanza na ndoto. Nikakaa nasubiri aamke.

Hakuamka.

Alikimbia filamu nzima. Aliruka ukuta. Katikati akahamia mjini, akavaa viatu vya kisigino kirefu, akagombaniwa na wanaume wawili wenye magari. Haya yote ningeweza kuyameza. Nimeangalia filamu nyingi za kibongo, nazijua tabia zake.

Lakini mguu hawakuutupa. Walimpa mtu mwingine.

Walimpa kibaraka wa wezi, mtu mjinga anayeitwa Chopi. Kila akitokea, muziki wa kuchekesha unapigwa. Chopi anachechemea, anaanguka kwenye matope. Chopi anajaribu kupanda baiskeli, anaanguka tena. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, watoto wanasimama kwenye viti kuigiza mwendo wake.

Nami nikafanya kitu ambacho naona aibu kukiandika. Fimbo yangu ya kutembelea niliisukuma taratibu chini ya kiti, isionekane.

Ndipo nikasikia kicheko cha Rehema. Nakijua, anacheka huku anajipiga mapajani. Nimecheka naye hivyo maisha yangu yote. Jana alicheka bila mimi, karibu yangu, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Taa zilipowashwa nilimfuata mwandishi pale mbele. Ni mzee mwembamba, koti kubwa kumzidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umefurahi?"

"Mguu wa Sikitu uko wapi?"

Akaitazama fimbo. Kisha akatazama pembeni. "Binti yangu, vitabu vile vilikuwa vinaliwa na panya stoo. Hakuna duka lililokuwa linavitaka tena. Hawa vijana wa filamu wakaja, wakasema mtazamaji anataka msichana wa kupendeza. Ningefanyaje?"

"Na Chopi je?"

"Watu lazima wacheke kidogo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka. Kisha akanyoosha mkono apokee kitabu, kalamu iko tayari, akaniuliza naitwa nani.

"Hapana, mzee. Basi tu."

Nilitoka bila kumsubiri Rehema. Nikapanda bodaboda, kitu ambacho sikifanyi kwa sababu kupanda na kushuka kunanitesa, na nikalala na gauni la watu.

Asubuhi hii alikuja hapa dukani na chupa ya chai na maandazi.

"Jana uliniacha pale kama mzigo. Yule mzee kakuudhi?"

"Wewe ndiye umeniudhi."

"Mimi?"

"Ulimcheka Chopi, Rehema. Ulicheka mpaka machozi."

Alinikazia macho. Nilitegemea aone aibu. Nilitegemea hata anijibu kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira. Badala yake uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

"Eli, haki ya Mungu, sikukufikiria wewe hata kidogo. Yule ni kilema. Wewe ni Eli."

"Na Sikitu je? Wamemfanya akimbie."

"Kwani Sikitu alikuwa hakimbii?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Aliweka kikombe chini, akajaribu kukumbuka, akasema anawakumbuka wezi, anakumbuka yule ng'ombe mwekundu aliyezaa porini, anakumbuka sauti yangu. Mguu haukumbuki. "Alikuwa anachechemea? Kweli?"

Kitabu kimoja, mawe yale yale. Yeye alisikia hadithi ya wezi wa ng'ombe.

Akanimiminia chai, akanibusu kichwani, akarudi kwenye meza yake kwa sababu Jumapili baada ya ibada ndiyo wateja wake wanakuja. Ameondoka akiamini tumeshayamaliza.

Yule mzee nitamsamehe. Aliuza cha kwake. Rehema hajauza kitu, wala hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana sijui pa kumshikia. Siku zote nilijivunia kwamba kwake mimi ni Eli tu. Sikujua kwamba ili niwe Eli, ilibidi mguu uondolewe, kama walivyomfanyia Sikitu.

Chai imepoa. Sijainywa.

Kesho nikifunga duka nitakwenda mpaka kwenye meza yake. Nitakaa kwenye kigoda chake mbele ya wateja, nipandishe gauni mpaka gotini, nimwambie auangalie mguu wangu. Auangalie vizuri, asiharakishe, mpaka amalize. Akishamaliza, anionyeshe kwa uso wake kama mimi bado ni Eli.