Kwa Wakili Nathanieli Keraryo, Uliyeuawa Uwanjani Nyasura

Mwaka umetimia, Nathanieli, tangu walipokuleta nyumbani Buswahili kwenye lori la pamba, umefunikwa turubai. Mama yako Gati alikataza mtu yeyote kukutazama kabla hajakuosha damu kwa mikono yake.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani. Ulipenda sato wa kuchoma, lakini ulikuwaga unawatolea watoto miiba mpaka chakula chako kinapoa. Koti jeusi la uwakili, ulilorudi nalo kutoka Uingereza, ulilitundika dukani kwa Hamduni, fundi cherehani wa Musoma, aliyekupa chumba cha nyuma ufanyie kazi. Wenye kesi za ng'ombe walikaa hapo pamoja na waliokuja kupimwa kanzu, na wewe ukawasikiliza wote, hata waliokuja kugombana tu.

Kisha serikali ikakuweka kwenye bodi ya kusimamia umeme. Tulicheka, maana sisi tulikuwa tunawasha koroboi. Ulitueleza kwamba kazi yako ni kuwaangalia wenye mitambo wasiwaumize watu. Hatukufikiri kwamba watakuumiza wewe.

Masika yale waya ulidondoka kwenye matope, karibu na mtambo wa umeme wa tajiri mmoja barabara ya Kiabakari. Jirani yetu Nyamburi akaukanyaga akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Mume wake akamshika mkono amvute, wakafa wote wawili. Tajiri aliahidi kutengeneza, lakini mashine iliendelea kunguruma, na waya ukabaki umelala palepale.

Ukaenda mwenyewe. Msimamizi wa mtambo, Chacha, alisimama mlangoni akakwambia amekatazwa kuizima mashine.

"Na mimi nimetumwa niizime," ulimjibu.

Ukampita, ukashusha swichi. Akakupiga na spana, taya likavunjika. Alipotaka kuiwasha tena uliikumbatia ile swichi kwa mikono yote miwili, na yeye akaendelea kukupiga mgongoni mpaka askari walipofika. Mtambo haukuwashwa tena mpaka nyaya zilipopandishwa kwenye nguzo mpya.

Mkeo Marieta alikulisha uji hospitali ukiwa huwezi kufungua mdomo vizuri. Alikuomba uachane na mambo hayo. Ulitikisa kichwa, na machozi yakakutoka kwa maumivu ya kutikisa kichwa. Tangu hapo maneno yako yalitoka upande mmoja wa mdomo. Watoto waliyazoea upesi kuliko sisi wakubwa.

Chacha alifungwa, akatoka, na chuki yake akatoka nayo. Wewe ulijiuzulu kwenye bodi ukagombea kiti cha baraza. Ulisema bodi inaweza kuzima mashine moja, lakini sheria ya kuwalinda watu wote inatungwa barazani.

Tulikusindikiza Bunda kwa mkutano wa Nyasura. Uwanja ulijaa. Hukuwa umefika hata katikati ya hotuba Chacha alipoingia na watu wake, wana marungu. Walivunja meza uliyosimama juu yake. Walipiga wanawake waliokaa mbele. Hamduni alipasuliwa kichwa akijaribu kumwinua mama mmoja aliyekanyagwa. Ndipo watu wako wakageuka, nao walikuwa wengi kuliko wale. Tuliona mambo siku ile ambayo hatutaki kuyaandika yote. Wale wavamizi walikimbilia mashambani, akabaki Chacha, goti limevunjika, anajivuta kwa viwiko.

Wakamzunguka. Eliasi alikuwa mbele, Eliasi dereva wako, aliyelala kwetu na kula kwetu kama mtoto wa nyumbani. Alikuwa na panga.

"Huyu ana kesi," ulisema. "Mwacheni afike kotini."

Hawakukusikia, au walikusikia wakapuuza. Ukasukuma watu, ukamlalia Chacha kifudifudi. Eliasi alikuwa ameshainua mkono. Panga lilikuingia shingoni. Marieta alikuwa karibu kiasi cha damu yako kumrukia kwenye kitenge, na anasema hakusikia mtu akipiga kelele. Eliasi alilitupa lile panga, akakaa chini kando yako, akakushika mguu mpaka askari walipomfunga pingu.

Kotini Musoma Chacha aliletwa kwa machela kutoa ushahidi. Alisema wazi kwamba pigo lile lilikusudiwa yeye, wewe ukalipokea. Eliasi yumo gerezani. Marieta hakwenda kusikia hukumu.

Kuna jambo moja hulijui. Tulipomaliza kukuzika, ndugu yako Masatu aliwakusanya vijana wa ukoo, wakachukua mikuki waende kwa Chacha kummalizia. Wengi wetu tulitaka waende. Tunasema hivyo kwa sababu ni kweli, na wewe hukupenda ukweli upunguzwe. Mama yako akawatangulia njiani, udongo wa kaburi bado uko miguuni, akasimama.

"Mnakwenda kumuua?" aliwauliza. "Basi mfukueni kwanza mwanangu, mumwambie amekufa bure."

Masatu alikaa chini palepale barabarani akalia. Vijana wakarudi.

Chacha yu hai, Nathanieli, yuko nje kwa dhamana akingoja kesi yake. Tunamwona siku za gulio, anatembelea fimbo, anauza mihogo. Hatusalimiani naye. Mama yako hununua mihogo kwa mtu mwingine, lakini akipita pale huwa anasimama kidogo, anamtazama mtu uliyemwacha duniani, halafu anaendelea na safari yake.

Unakumbukwa na mama yako Gati, mkeo Marieta, wanao Robi na Keraryo mdogo, ndugu yako Masatu, rafiki yako Hamduni pamoja na jamaa zake wote wa Musoma, na majirani wa Buswahili.

Hatutakusahau maisha yetu yote.