Sanduku la Barazani

Jumatatu, 3 Machi
Kwa Mke wangu, Jikoni.

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali nami hatua kumi na mbili, nimezipima.

Miaka thelathini na moja nimegawa barua za watu kwa baiskeli, jua na mvua, kofia ya posta kichwani. Nimestaafu, tumerudi shamba tupumzike, na wewe unachukua kofia yangu unalivisha sanamu la kufukuzia ndege! Basi nimeapa: mdomo wangu hautakusemesha tena. Ukiwa na neno, andika. Sanduku nimelipigilia barazani. Linafunguliwa saa nne asubuhi, Jumapili hakuna kazi. Bahasha iwe na anwani na tarehe. Isiyo navyo inarejeshwa bila kufunguliwa, kama kazini.

Mumeo


Jumanne, 4 Machi
Kwa Mume wangu, Chumba cha Mbele.

Shikamoo, Bwana Posta. U hali gani? Nimekuona sasa hivi ukichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kwa hiyo najua hujafa.

Kofia yenyewe ilikuwa inanuka. Tangu sanamu liivae, ndege wanaliheshimu kuliko watu walivyokuheshimu wewe. Miaka yote unaniita Chiriku kwa kusema sana. Haya, Chiriku kafunga mdomo. Nami naapa: sikuiti mpaka uniite. Tuone nani ataanza! Chai ya leo nimetia chumvi. Usinune, kunywa.

Afya si mbaya, ila mguu wa kushoto umevimba na pumzi inakatika nikiinua ndoo.

Mkeo


Jumatatu, 10 Machi
Kwa Mke wangu, Jikoni.

Salamu. Chai nilimpa mbwa, naye akaikataa.

Binti yetu alipiga simu jana akakuulizia. Nikamwambia umekwenda kwa jirani kupiga soga. Simu ni yangu, na wewe si umefunga mdomo? Huo mguu ni uvivu, tembea utapungua. Halafu acha kukohoa makusudi karibu na ukuta wangu. Nakujua vizuri. Kikohozi si barua.

Mumeo


Kwa Mume wangu, Chumba cha Mbele.

Habari za tangu juzi? Leo sina mzaha.

Ulipokwenda kusaga, muuguzi wa zahanati alipita. Akaubonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Anasema ni moyo, nifikishwe hospitali bila kuchelewa. Mpaka barabarani siwezi. Mpigie mwenye pikipiki, tafadhali.

Kofia nimelivua sanamu, nimeifua, ipo juu ya kabati la vyombo. Ingia uichukue. Mlango sifungi. Ukifika hapo ukasema tu "we Chiriku," yamekwisha, na uji nitakupikia mtamu. Mimi kuanza siwezi. Nimeapa, na unanijua nilivyo na kichwa kigumu.

Naogopa, mume wangu. Tarehe nisamehe, leo siikumbuki.

Mkeo


Ijumaa, 14 Machi
Kwa Mke wangu, Jikoni.

Salamu. Bahasha yako haina tarehe. Nairejesha kama ilivyo, sijaifungua. Sikuwahi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mkubwa yeyote, sembuse wewe. Rekebisha, ulete upya.

Uji huu ni siku ya pili siuoni. Kama unadhani njaa itanifungua mdomo, umenoa.

Mumeo


JUMAMOSI, 15 MACHI
Kwa Mume wangu, Chumba cha Mbele.

Tarehe hiyo hapo, nimeiandika kubwa. Naandikia hapa chini ya sanduku. Nimekuja kwa magoti, nikakuta umeshafungua na kufunga. Nakusikia ndani unapiga mluzi. Nimegonga ukuta, mluzi ukazidi.

Sina pumzi ya kukuita hata nikitaka, na sasa nataka. Umeshinda. Njoo.

Mkeo


Jumatatu, 17 Machi, saa tano asubuhi
Kwa Mke wangu, Jikoni.

Nimefungua saa nne kamili. Ya Jumamosi nimeisoma nimesimama, nikazikimbia hizo hatua kumi na mbili. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

Ile niliyokurejeshea ulikuwa nayo mkononi, pamoja na kalamu. Ulishaanza kuiandika tarehe juu ya bahasha, ukaishia kwenye tarakimu ya kwanza. Nimeifungua. Nimeisoma yote.

Jana ulipogonga kikombe ukutani nilikusikia. Nikasema moyoni, kikombe nacho si barua. Nikacheka, Chiriku. Nilicheka peke yangu humu ndani mpaka nikapaliwa. Baadaye kikombe kikanyamaza, nikaona nimeshinda, nikalala usingizi mzuri.

Nimekuita. We Chiriku! Nimeita mpaka jirani akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Sasa yuko huko jikoni na wewe, amekufunika kanga. Ameniuliza mara mbili binti yetu aambiwe nini. Simu ipo mfukoni mwangu, sijaigusa. Nimekaa barazani nakuandikia, maana kazi nyingine siijui.

Kofia nimeiona juu ya kabati. Umeipiga na pasi.

Mimi mzima. Bahasha ina anwani, ina tarehe. Naitumbukiza sasa hivi. Kesho saa nne nitafungua.

Mumeo