Kamba ya Dirisha

Alhamisi, mtaa wa Yoba, Gitega

Na nilivyojisifu njia nzima kutoka Muyinga! Kitambaa cha rido, pazia la dirisha, maua ya bluu, kimepunguzwa bei kwa sababu ni mwisho wa jora. Nilimpa muuzaji kamba niliyopimia dirisha la sebule hapa Gitega, akakata kwa kuifuata. Kilichobaki akakichukua mama mwingine.

Nimefika, nimeshona, nimetundika. Rido haifiki chini, imepungua shibiri nzima. Nikaipima kamba yenyewe dirishani: fupi! Nikamgeukia mume wangu.

"Mi nilikata kidogo tu, Mama Zuhura. Kuku ilikuwa inakimbia."

Kidogo tu! Kipande changu kiko nyuma ya nyumba, kimefungwa mguuni mwa kuku.

Jumapili wanakuja watu kumposa Zuhura. Nilitaka wakute nyumba ya heshima, wasije wakamdharau mwanangu. Nikiunga kiraka cha rangi nyingine chini... sijui.

Na kuku huyo ndiye wa wageni. Watamla, watamsifu baba mwenye nyumba kwa kuku mnono, naye atawashukuru, amekaa papo hapo chini ya dirisha.