Kidole Kilichobaki Juu

Kwako Baba,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla hata hujaweka miwani sawa. Mguu unaendeleaje? Bado unafanya yale mazoezi ya kuizunguka nyumba, au umemdanganya Mama kwamba umemaliza? Mimi ni mzima, isipokuwa sauti imenikauka kwa kuongea, jambo ambalo halitakushangaza wewe uliyenipa jina la Kasuku.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Simu ya nyumbani ina wasikilizaji wengi na kila mmoja ana la kuongeza. Barua utaisoma peke yako, kwa mwendo wako.

Ule mkutano wa kimataifa wa wazungumzaji umekwisha jana. Ofisi ilinigharamia kwa kuwa mimi ndiye ninayewaeleza wateja habari za pampu za maji, lakini nilikuja na langu moyoni. Harusi yangu inakaribia, na nilitaka nijue namna ya kumsaidia Baba Mdogo kuyanyoosha maneno atakayosema siku hiyo kwa niaba yako. Mama ameniambia Baba Mdogo anaandika kila jioni, kurasa zinaongezeka, na bado hajamtaja bwana harusi.

Baba, sijawahi kuona watu wanaopenda kuongea wakikusanyika namna hii. Kwenye lifti hawasalimiani, wanahutubiana. Ukumbini kuna vyumba vidogo vya vioo ambamo wakalimani wamejifungia, nasi tunawasikia kwa vidude vya masikioni. Mkalimani mmoja alishikwa na kicheko kabla hajatutafsiria utani, tukabaki tunamkodolea macho kupitia kioo tukisubiri zamu yetu ya kucheka. Nilitembea huku na huku kuchungulia kila kitu. Ningekuwa na nafasi, ningeingia hata kwenye hivyo vyumba.

Kulikuwa na mashindano ya kuhutubia pia, na jukwaani kuna taa ya kijani, ya manjano na nyekundu. Ikiwaka nyekundu, unamalizia sentensi na kushuka. Ila kilichonikomesha ni kengele. Pembeni anakaa mama mmoja ambaye kazi yake ni kuigonga kila unaposema "eee" au "yaani". Sisi wa Kiswahili tulipewa ukumbi wetu, na zamu yangu ilipofika kengele ililia kama ya baiskeli sokoni. Nilipomfuata baadaye kumuuliza niseme nini badala yake, alinijibu nisiseme kitu, ninyamaze mpaka neno lije. Nikamuuliza, na wasikilizaji je? Akasema watasubiri. Sikumwamini hata kidogo.

Kesho yake mama yuleyule ndiye aliyetufundisha. Alitupanga wawili wawili, kalamu moja kwa kila meza. Anayeongea anaishika kalamu, na mwenzake haruhusiwi kufungua mdomo mpaka kalamu iwekwe mezani. Mimi niliangukia kwa mwalimu wa udereva, jitu la miraba minne lenye sauti ndogo, linaloongea taratibu mno. Akaanza kunieleza kwamba siku alipopata leseni, mtu wa kwanza aliyetaka kumpigia simu alikuwa... akanyamaza. Kalamu bado anayo. Mdomo uliniwasha, Baba. Nilishajua ni mama yake, nani mwingine? Nilijikaza kisabuni. Alitazama dari, akatazama kalamu, kisha akasema alikuwa mtahini aliyekuwa akimfelisha kila mara, alitaka ampitie nyumbani na gari wazunguke mtaa mzima. Angekuwa mtu wa kwetu, ningeshamsaidia kumaliza, naye kwa adabu angekubali kwamba ndiyo, ni mama.

Hapo ndipo nilipokukumbuka.

Unakumbuka kile kikao cha familia sebuleni, cha kupanga nani aseme neno la baba siku ya harusi? Ulisubiri wote wamalize, ukainua kidole kama ulivyokuwa ukifanya stesheni kabla ya kutangaza treni, ukasema, "Mdogo wangu..." Ukasimama hapo. Tangu ulipopata kiharusi maneno yako huja moja moja, nasi tumezoea kuyapokea njiani. Shangazi akaidaka sentensi, akasema, "...atasema badala yako." Tukapiga makofi. Mama akaenda kuleta soda. Hakuna aliyekuuliza kama umemaliza.

Nilitoka kwenye lile darasa nikasimama koridoni na kumpigia Baba Mdogo. Nilimuuliza kama ana hakika kwamba wewe ndiye uliyemtaka aseme. Nilidhani atakasirika, baada ya kurasa zote zile. Badala yake akaniambia, "Mwanangu, hata mimi nilimwona. Tulipokuwa tunapiga makofi, kile kidole kilikuwa bado kiko juu."

Nililia palepale koridoni, sikufichi. Watu waliokuwa wakipita walidhani nimeshindwa kwenye mashindano. Kweli nilishindwa, lakini si hayo yaliyoniliza. Sauti yako ndiyo iliyopandisha watu treni miaka yote ile, na sisi wa nyumbani tumeshindwa kusubiri sentensi moja. Baba Mdogo ameweka kalamu chini. Amesema haandiki tena mpaka ajue ulikuwa unasema nini.

Basi Baba, nakuuliza. Mdogo wako afanye nini? Inawezekana Shangazi alipatia, nami nitaridhika. Inawezekana ulitaka tu akae karibu yako, au akushike mkono wakati unasema mwenyewe. Naona nimeshaanza tena kukumalizia, naomba unisamehe. Ukitaka kusema mwenyewe, hakuna taa itakayowaka siku hiyo, na atakayekukatiza atanikuta mimi, na shela langu kichwani.

Nitapiga simu Jumapili. Nimemwomba Mama akupe simu na atoke nje na wenzake wote. Wewe inua kidole, anzia pale pale ulipoishia. Nikisikia kimya, nitajua hujamaliza.

Mfikishie Mama salamu zangu, na Shangazi pia, maana nia yake ilikuwa njema. Mguu usiuonee huruma, uzungushe.

Ni mimi mwanao,
Kasuku, ambaye safari hii anasubiri.